Kinanda cha guka na deni la shosho

Iwapo umewahi kuabiri matatu mjini Nakuru ukielekea Nyahururu, bila shaka unapafahamu Bahati. Ni pale ukishapita Maili Sita, ambapo baridi huanza kuyauma masikio na abiria wakafunga madirisha bila kuambiwa na utingo. Ukishuka hapo siku ya Alhamisi mwendo wa saa nane mchana, na upepo ukiwa unavuma kuja upande wako, huenda ukasikia kinanda. Si redio ya mwenye duka hiyo. Ni kinanda chenyewe kikivutwa na kusukumwa na mikono ya mzee, na kando yake mlio mkali wa chuma kikigongwa chuma. Hiyo ndiyo karing'aring'a.

Nyuma ya ua wa kaiyaba, katika uga wa nyanya yangu, wazee kumi na tisa hukutana kila wiki kucheza mwomboko. Wanawake ni kumi na wawili na wanaume ni saba. Hesabu hiyo pekee huzua mizozo isiyokwisha, kwa sababu mwomboko huchezwa wawili wawili, mwanamume na mwanamke, na wale wazee saba wanajua fika kwamba bei yao iko juu.

Shosho, ambaye amepindukia miaka themanini na ambaye magoti yake yamewashinda madaktari wawili, ndiye mweka hazina. Kila mwanachama hutoa shilingi hamsini. Anayechelewa hutozwa ishirini zaidi, hata kama amechelewa kwa sababu ya mazishi. Kwanza hunywa chai. Kisha mmoja wao hutoa hadithi, aghalabu ya marimu yale ya zamani yenye mdomo wa pili kisogoni, au ya mambo waliyoyaona kwa macho yao wenyewe, ambayo mara nyingi hutisha kuliko marimu. Ndipo kinanda kikatolewa sandukuni.

Kinanda hicho ndicho kilichotaka kuigawanya familia yetu mwaka jana.

Kilikuwa cha guka yangu. Alikinunua mwaka wa 1964 katika duka la Mhindi mjini Nakuru, kwa pesa zake za kwanza za pareto, na shosho anasema alirudi nyumbani usiku akiwa amekificha ndani ya gunia la mbegu za viazi, akiogopa atakavyoulizwa. Aliulizwa kweli. Wiki nzima hakupikiwa. Siku ya nane alikaa nje penye kigogo akaanza kukivuta, naye shosho akatoka jikoni akiwa bado amekunja uso, na huo ukawa mwisho wa mgomo. Guka alifariki mwaka wa 2011. Kinanda kilibaki, na kwa kuwa amu yangu ndiye kifungua mimba, mali ya baba iliandikwa kwa jina lake.

Kabla sijasimulia yaliyofuata, niueleze mwomboko kidogo kwa ajili ya wasomaji wasioujua. Mwanamume na mwanamke hukabiliana, hushikana, hupiga hatua mbili, kisha hupinda magoti na kugeuka. Ni hayo tu. Vijana wengi husema ni mchezo rahisi mpaka wanapoombwa waucheze, kwani siri iko katika ule mpindo. Ukichelewa kidogo, mwenzako ameshageuka na wewe umebaki umeinama kama mtu aliyepoteza funguo. Hakuna kurukaruka. Mzee mwenye fimbo anaweza kuucheza vizuri kuliko kijana wa chuo, na labda ndiyo sababu wazee wanaupenda.

Ulishika kasi miongoni mwa Agikuyu katika miaka ya 1940. Wengi huuhusisha na dansi za Wazungu, hasa Waskoti, ambao misheni yao ilikuwa Thogoto tangu 1898 na Tumutumu tangu 1908, na pia na askari wetu wa KAR waliorejea kutoka Burma baada ya vita kwisha mwaka wa 1945. Kaka mkubwa wa guka alikuwa mmoja wa askari hao. Ndiye aliyemfundisha guka kukipiga, katika shamba la Mzungu ambako wazazi wao walikuwa maskwota. Hali ya maskwota ilijulikana. Sheria ya mwaka wa 1918 ilimtaka skwota amfanyie mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka, na ile ya 1937 iliwapa masetla nguvu ya kuongeza hadi 270. Ukiondoa siku hizo, za Jumapili na za kuugua malaria, sijui ni lini watu hao walipata nafasi ya kucheza. Lakini walicheza.

Sasa mtu atauliza, kinanda cha Ujerumani na hatua za Skotilandi, huo ni utamaduni wetu tangu lini? Swali hilo nimelisikia mara nyingi, hata kutoka kwa watu wenye digrii. Jibu langu hutoka mbali kidogo, tena kwa mtu ambaye hakuwa Mgikuyu wala Mskoti.

Nilipokuwa mtoto wa miaka saba hivi, kulikuwa na padri Mwairishi aliyekuwa akipita sehemu zetu kwa pikipiki. Mapadri wa Ayalandi hawakuwa wageni Nakuru. Shirika la Mtakatifu Patriki, ambalo wengi huliita Kiltegan kwa jina la kijiji yalipo makao yake, lilianzishwa nchini kwao tarehe 17 Machi 1932, na wamisionari wake walifanya kazi kubwa katika Bonde la Ufa. Jimbo la Nakuru lenyewe liliundwa mwaka wa 1968, na Askofu Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki akakabidhiwa usukani mwaka wa 1971. Sisi hatukuwa Wakatoliki. Padri huyo alifika kwetu kwa sababu tairi lilitoboka.

Guka alikuwa nje akikijaribu kinanda baada ya kukiziba mkunjo mmoja kwa kitambaa na gundi. Padri alisahau tairi. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akapiga mguu chini, na guka alipomaliza akaomba akishike. Nakumbuka alivyofunga macho. Alipiga kitu chenye kasi ya ajabu, vidole vikikimbia kama siafu waliomwagiwa maji, na jirani yetu aliyekuwa na karing'aring'a akajaribu kumfuata, akashindwa, akacheka mpaka akakohoa. Kisha padri akapiga wimbo wa pili, wa polepole, na hapo yule jirani akaupata. Shosho alitoka jikoni kama alivyotoka mwaka wa 1964.

"Hiki mlikitoa wapi, baba?" guka alimuuliza.

"Jikoni kwa mama yangu," padri akajibu kwa Kiswahili chake cha kuvuta. "Nanyi mlikitoa wapi?"

Walizungumza mpaka jua likatua. Alichosema padri ambacho guka alikuwa akikirudia miaka mingi baadaye ni kwamba hata kwao dansi hizi ziliwahi kupigwa marufuku, na waliozipiga vita walikuwa mapadri wenyewe. Guka alilipenda neno hilo mno. Kila mzee wa kanisa alipomsema juu ya kinanda, alimjibu kwamba anamjua padri mmoja aliyetubu.

Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari katika kazi hii ya kalamu, nilitafuta habari hizo nikakuta padri hakutia chumvi. Mwaka wa 1935 Bunge la Ayalandi lilipitisha sheria ya kumbi za dansi. Yeyote aliyetaka kuandaa dansi ya watu wote alihitaji leseni ya hakimu. Makasisi walikuwa wameishinikiza serikali kwa miaka, wakilia kwamba vijana wanapotoka. Sheria ilikusudiwa kumbi, lakini mahali pengi polisi na maparoko waliitumia kuvunja ngoma za majumbani na zile za njia panda, ambako wanakijiji walikuwa wakikusanyika jioni za kiangazi bila kumlipa mtu senti. Wapiga fidla wazee walitundika vyombo vyao. Wengine walikuwa wameshasafiri kwenda Marekani, na ni huko ambako jambo la kushangaza lilitokea: mkuu wa polisi wa Chicago, Francis O'Neill, mzaliwa wa kaunti ya Cork, alikusanya nyimbo za nyumbani kutoka kwa wahamiaji na askari wake mwenyewe, na mwaka wa 1903 akachapisha kitabu chenye tuni 1,850. Polisi huku anavunja ngoma, polisi kule anaziandika!

Nasi? Agikuyu walipoimba muthirigu mwaka wa 1929 na 1930 kuwapinga wamisionari katika ule mgogoro wa tohara ya wasichana, serikali ya kikoloni iliupiga wimbo huo marufuku. Hali ya hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, mikusanyiko ikazimwa. Mwaka uliofuata Agikuyu wengi wa mashamba ya Bonde la Ufa walipakiwa malori na magari moshi wakarudishwa katika ardhi ya akiba ambayo wengine hawakuwahi kuiona, kwani walizaliwa huku huku. Guka alikuwa kijana. Alisema kaka yake aliyetoka Burma alilazimika kuchagua kati ya kinanda na blanketi. Alichukua blanketi. Kile kinanda cha kwanza hakikuonekana tena.

Nilisoma pia kwamba mwaka huo huo wa 1953, mwezi wa Novemba, wakazi wa mwisho wa kisiwa kiitwacho Great Blasket, magharibi mwa Ayalandi, waliondolewa kwenda bara. Tofauti ni kubwa, sikatai. Wao waliomba wenyewe kuhamishwa kwa kuwa vijana walikuwa wamekwisha na bahari ilikuwa inawaua, na wetu waliamriwa kwa bunduki. Lakini kisiwa hicho kilikuwa na bibi mmoja, Peig Sayers, aliyezaliwa 1873, ambaye hakuwa akiandika hadithi zake bali alizisimulia, na watu waliotumwa na Tume ya Ngano ya Ayalandi, iliyoundwa mwaka ule ule wa 1935, wakazinasa mamia. Tume hiyo ilifanya jambo ambalo mimi huliwaza kila ninapoona wanafunzi wetu wakikatakata makatoni kwa ajili ya kazi za shule. Kati ya 1937 na 1939 watoto wa darasa za juu za shule za msingi kote nchini walitumwa nyumbani na madaftari, wakawaulize babu na bibi zao hadithi, dawa, methali na majina ya mashamba. Madaftari hayo yangalipo hadi leo mjini Dublin.

Mpwa wangu wa darasa la tano alipoletewa kazi ya namna hiyo mwaka jana, mama yake alitaka kuitafuta katika simu. Nikamwambia amvushe mtoto barabara tu, shosho yuko pale. Mtoto alirudi na kurasa nane na swali kuhusu mdomo wa kisogoni ambalo lilitunyima usingizi.

Naam, turudi kwa lile swali la utamaduni wa nani. Akodioni, kwa jina lake la kizungu, ilisajiliwa Vienna mwaka wa 1829 na fundi aitwaye Cyrill Demian. Haikuwa ya Waairishi kuliko ilivyokuwa ya Wagikuyu. Iliingia Ayalandi katika karne hiyo ya kumi na tisa ikiwa rahisi kuliko zumari zao za mfuko, na nusura izimalize. Zile dansi zao za watu wanane zilizopangwa kwa makundi zilitokana na kwadrili za Ufaransa, na inasemekana askari waliorudi kutoka vita vya Napoleon ndio walioongeza kuzieneza. Askari tena! Hata zile karamu za dansi wanazoziita céilí, ya kwanza ya kuandaliwa rasmi ilifanyika London, tarehe 30 Oktoba 1897, ikiwa imeandaliwa na wapenzi wa lugha ya Kiairishi walioko ugenini. Wazanzibari nao waliichukua akodioni hiyo hiyo wakaitia katika taarabu, na leo hakuna anayemwambia Mzanzibari kwamba taarabu ni ya Waaustria. Mnamo 1996 Ayub Ogada wetu, aliyetuacha mwaka wa 2019, alishiriki kwa nyatiti katika albamu ya kwanza ya Afro Celt Sound System, pamoja na zumari za Kiairishi, na ukisikiliza hutajua nani mgeni wa nani.

Tofauti iliyopo kati yetu na wao ni kwamba wao walishtuka mapema. Mwaka wa 1951 wapenzi wa muziki walikutana mjini Mullingar wakaunda chama, Comhaltas Ceoltóirí Éireann, na hadi sasa chama hicho kina matawi vijijini na hata ng'ambo. Wazee hufundisha watoto, hukutana kwenye tamasha la kila mwaka, hushindana. Mwaka wa 1994, mjini Dublin, katika mapumziko ya mashindano ya nyimbo ya Eurovision, dansi ya dakika saba hivi iitwayo Riverdance ilionyeshwa, na dunia nzima ikataka kujua miguu ile imetoka wapi. Ilitoka kwenye madarasa hayo ya vijijini. UNESCO imeziandikisha zumari zao mwaka wa 2017 na kinubi chao 2019. Sisi tuna isukuti ya Waluhya, iliyoingizwa mwaka wa 2014 katika orodha ya mambo yanayohitaji kuokolewa haraka. Mwomboko hauna orodha. Una tamasha la muziki la shule, una majukwaa ya wanasiasa ambako wazee huitwa wacheze juani kabla mheshimiwa hajafika, wakapewa soda na nauli isiyotosha.

Na una uga wa shosho.

Kikundi kilianza mwaka wa 2009. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007 na mwanzo wa 2008, uwanja wa maonyesho wa Nakuru uligeuka kambi, na baadaye baadhi ya waliofurushwa makwao walipata vibanda na vipande vya ardhi sehemu zetu. Miongoni mwao alikuwa mama mmoja kutoka upande wa Burnt Forest. Hakuwa akizungumza. Angekuja kununua maziwa kwa shosho, angenyoosha kikombe, angelipa, angeondoka. Guka alikuwa bado hai, na jioni moja alikuwa akikivuta kinanda bila mtu wa kumgongea chuma, kwani yule jirani mchekaji alikuwa ameshaaga dunia. Mama yule aliweka kikombe chini, akaichukua karing'aring'a, akaanza kugonga. Hakukosea hata pigo moja. Wiki iliyofuata alikuja na mwenzake. Sasa ndiye mwenyekiti, na hupenda kupiga kelele kuliko wote. Alichopitia hajawahi kunieleza, nami sijamuuliza, ingawa Alhamisi moja katika zamu yake ya hadithi alisimulia habari za mbuzi aliyerudi nyumbani peke yake akakuta nyumba haipo. Wazee walinyamaza. Kisha akasema, "Haya, pigeni kinanda, mnangoja nini?"

Wapo wasioupenda mwomboko huu. Kanisa moja la karibu lilimnyima mmoja wa wacheza dansi meza ya Bwana kwa miezi mitatu. Alikubali adhabu, akaimaliza, akarudi mezani, na Alhamisi akarudi ugani. Alipoulizwa, alisema Daudi alicheza mbele ya sanduku la agano na hakuna mzee wa kanisa aliyemwandikia barua.

Basi, mwaka jana, binti wa amu alipata nafasi ya kusomea uuguzi katika chuo kimoja. Karo ya muhula wa kwanza haikutosha. Amu aliuza ng'ombe mmoja. Bado. Hapo ndipo mwenye hoteli mmoja mjini, ambaye alikuwa amewaona wazee wakicheza katika sherehe, alipomwendea na ahadi ya shilingi elfu arobaini taslimu. Alitaka kinanda akitundike ukutani, juu ya kaunta, pamoja na kibuyu, ngao na picha ya gari moshi la zamani. Nakuru limekuwa jiji tangu Desemba 2021, na majiji hupenda kutundika vitu.

Amu si mtu mbaya. Nasema hivyo kwa sababu katika hadithi kama hizi daima kuna anayetaka kuuza, na msomaji humchukia upesi. Yeye ndiye aliyemlipia baba yangu karo, na mimi nikapata diploma yangu kwa sababu baba alisoma. Alipoitisha mkutano wa familia alikuwa amevaa koti, dalili kwamba hakulala.

"Mama," alimwambia shosho kwa heshima, "kinanda hakinyonyeshi. Mtoto anataka shule. Baba mwenyewe angekuwepo angekiuza."

Kimya. Aliyezungumza kwanza alikuwa shangazi, akasema ni kweli, mtoto kwanza. Baba yangu akaangalia viatu vyake. Nami nilitaka kueleza habari za Mullingar na Chicago, nikaona si mahali pake. Mbele ya karo, historia ni maneno tu.

Shosho alimaliza chai yake. Kisha akauliza, "Anakupa ngapi?"

"Elfu arobaini."

"Na mimi nikikupa arobaini?"

Amu alicheka kwa huzuni. Mama yake hana arobaini. Lakini shosho hakuwa anatania. Alimtuma mtoto amletee daftari la kikundi, akalifungua magotini, akavaa miwani yenye mguu mmoja. Michango ya shilingi hamsini, faini za shilingi ishirini, pesa walizolipwa kwenye harusi mbili na uzinduzi wa zahanati: elfu kumi na saba na mia nne. Alisema kikundi kitatoa elfu kumi na tano siku hiyo hiyo na kilichobaki kwa miezi kumi, elfu mbili na mia tano kila mwezi. Alikuwa ameshazungumza na mwenyekiti, kumbe, hata kabla mkutano haujaitishwa. Katika Bahati habari hazingoji mkutano.

"Mama, utanilipaje mimi kwa kinanda cha mume wako?" amu aliuliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Si nakulipa wewe. Nalipa karo ya mjukuu wangu. Na risiti uandike."

Kuna dakika amu alikataa, akasema hawezi kupokea pesa ya mama yake, atakuwa amelaaniwa. Shangazi akasema pesa si ya mama bali ya kikundi. Walibishana juu ya jambo hilo muda mrefu kuliko walivyobishana juu ya kinanda. Mwishowe walikubaliana hivi: kikundi kinunue, kwa sababu kikiwa cha kikundi hakuna mtoto wala mjukuu atakayekuja kukiuza tena, mimi nikiwa mmoja wao. Kaka yangu na mimi tukaongeza elfu kumi juu kama msaada kwa binti, si kwa kinanda. Hati iliandikwa kwa mkono katika karatasi ya daftari la shule, amu akatia sahihi, shosho akatia kidole ingawa anajua kuandika. Alisema kidole hakighushiwi.

Mwenye hoteli alinunua gurudumu la mkokoteni badala yake. Nimepita nikaliona. Limekaa vizuri.

Tatizo lililobaki ni mpigaji. Mzee anayekipiga sasa ana ugonjwa wa viungo, na asubuhi za Julai, ukungu unaposhuka kutoka msitu wa Bahati, vidole vyake havifunguki mpaka saa sita. Kinanda cha aina hii ni kigumu: kitufe kile kile hutoa sauti moja ukivuta na nyingine ukisukuma, kwa hivyo vidole na mikono lazima vikubaliane. Ndani yake mna vijiulimi vya chuma vilivyoshikizwa kwa nta, na unyevu ukiingia au panya akiifuata nta, sauti hupotea. Fundi wa viatu wa Maili Sita ndiye anayeshona mikunjo. Vijiulimi viwili vimekufa, na wazee wamejifunza kuimba kwa mdomo zile sauti mbili zinapofika.

Tangu Februari kuna mwanafunzi. Ni kijana wa bodaboda, wa miaka ishirini na miwili, ambaye kazi yake ya kwanza ilikuwa kumleta mzee mpigaji kila Alhamisi na kumngoja. Kungoja kunachosha. Siku moja aliomba akijaribu, wakamcheka, akarudi wiki iliyofuata. Sasa ana nyimbo tatu, na ya nne imemkwama katika mpindo. Shosho anasema anavuta kinanda kama anayepandisha pikipiki mlima wa Subukia. Hata hivyo hutozwa faini akichelewa, maana amekuwa mwanachama wa ishirini, na wa nane kwa wanaume, jambo ambalo limeteremsha bei ya wale saba na kuwaudhi kabisa.

Wiki iliyopita nilimkuta shosho akihesabu noti juu ya meza ya jikoni. Awamu ya saba. Binti yupo mwaka wa kwanza, muhula wa tatu, na alikuwa amepiga simu kuuliza kama magoti yanapakwa dawa aliyotuma. Shosho alisema ndiyo, yanapakwa. Halafu akaifunga simu, akazifunga zile noti kwa uzi, akaniambia nimpelekee amu kabla hajaenda kukamua, na nisisahau risiti.